Jinsi ya kuchagua shahada ya mtandaoni yenye ithibati na ada unayoimudu

Watu wengi huanza na bei. Wanatafuta "shahada nafuu mtandaoni", orodha inatokea, wanachukua chuo chenye ada ya chini, na miaka minne baadaye ndipo wanauliza kama cheti kitapokelewa. Mpangilio huo ugeuzwe. Anza na yule atakayekipokea cheti, rudi nyuma hadi kwenye ithibati, kisha saa ulizo nazo kwa wiki, na mwisho kabisa ndipo utoe kikokotoo. Chuo cha bei ya chini ambacho cheti chake hakipokelewi ni ghali kuliko vyote.

Kwanza: cheti kitapelekwa wapi?

Chukua karatasi uandike majibu ya maswali matatu. Unataka kufanya kazi nchi gani? Kazi hiyo inasimamiwa na bodi ya taaluma? Je, unakusudia kuendelea na shahada ya uzamili, na kwa chuo cha aina gani?

Kila nchi ina chombo kinachoamua kama tuzo ya nje (yaani shahada au cheti cha chuo cha nje) ina hadhi sawa na ya ndani. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Afrika Kusini ni ya SAQA. Waandikie kabla ya kujisajili chuoni, wala usingoje kuhitimu. Ujumbe uwe mfupi na mahususi:

"Ninakusudia kusoma shahada ya kwanza ya (jina kamili la shahada) katika (jina kamili la chuo, mji na nchi), yote kwa njia ya mtandao. Je, tuzo hii inatambuliwa na kulinganishwa na shahada ya kwanza ya hapa? Kuna masharti kuhusu muda wa masomo, njia ya ufundishaji, sifa za kujiunga au mafunzo kwa vitendo?"

Hilo la sifa za kujiunga husahaulika sana. Chuo cha nje kinaweza kukupokea kwa cheti ambacho nchini mwako hakitoshi kuingia chuo kikuu, kisha msimamizi wa nchi yako akakataa kulinganisha shahada yako kwa sababu hiyo tu. Jibu likija, lihifadhi. Jibu la simu halitakusaidia mbele ya mwajiri.

Ikiwa lengo lako ni uuguzi, udaktari, ufamasia, sheria, ualimu, uhandisi au uhasibu, barua ya pili iende kwa bodi inayosajili wanataaluma hao. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na bado shahada yake isikuruhusu kusajiliwa. India, kwa mfano, msimamizi wake wa vyuo vikuu, UGC, haruhusu shahada za udaktari, uhandisi na uuguzi kutolewa mtandaoni. Kokote uliko, kozi yenye vitendo iulizwe maswali matatu ya wazi: vitendo vitafanyikia wapi, nani atavisimamia, na ni chuo au mwanafunzi anayetafuta nafasi? Wanafunzi wengi wa mtandaoni hukwama hapo, wamemaliza nadharia yote lakini hawajapata hospitali wala shule ya kuwapokea.

Pili: hakiki ithibati mwenyewe

Ithibati ni uthibitisho wa chombo chenye mamlaka kwamba chuo au programu imekaguliwa na kufikia viwango. Mfumo hutofautiana nchi na nchi, na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watu.

Marekani, serikali kuu haikagui vyuo yenyewe. Inavitambua vyombo vya ithibati, na vyombo hivyo ndivyo hukagua vyuo. Kwa hiyo ukaguzi wako una ngazi mbili: chuo kina ithibati ya nani, na huyo aliyeitoa anatambuliwa na nani? Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata ya bure iitwayo DAPIP, na baraza la CHEA lina yake. Vyombo kama HLC, MSCHE, NECHE, SACSCOC, NWCCU na WSCUC ndivyo vilivyozoeleka kwa vyuo vikuu vya kawaida. DEAC hushughulikia hasa vyuo vya masafa, yaani vinavyofundisha wanafunzi walio mbali. Tangu 2020 kanuni za wizara hazivigawi tena vyombo hivi kuwa vya kanda (kama vile sita vya kwanza) na vya kitaifa (kama DEAC), lakini vyuo vyenyewe bado vina mazoea yao. Baadhi vinasita kupokea krediti (vipimo vya masomo uliyokwisha kumaliza) kutoka chuo chenye ithibati iliyokuwa ikiitwa ya kitaifa. Kama una mpango wa uzamili, uliza chuo cha uzamili moja kwa moja.

Uingereza swali ni jingine: je, chuo kina mamlaka ya kutoa shahada? Ni kosa la jinai kutoa shahada ya Uingereza bila mamlaka hayo, na orodha ya wenye nayo hutangazwa na serikali. Kwa England kuna pia sajili ya Office for Students, msimamizi wa vyuo huko. Hapo utakutana na vyuo vinavyofundisha tu, huku shahada ikitolewa na chuo kikuu kingine. Mpango huo ni halali, ila andika jina la chuo kikuu kitakachoonekana kwenye cheti na ukithibitishe hicho.

Nchi nyingi nyingine zina msimamizi mmoja wa kitaifa, mathalani TCU Tanzania, CUE Kenya na NCHE Uganda, na orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa hupatikana kwenye tovuti yake. Juu ya yote hayo kuna WHED, hifadhidata ya Shirikisho la Kimataifa la Vyuo Vikuu inayoandaliwa kwa ushirikiano na UNESCO. Chuo kisichoonekana humo si lazima kiwe feki, lakini kinahitaji maelezo.

Namna ya kuhakiki ni hii. Usibofye nembo ya ithibati iliyo kwenye tovuti ya chuo, kwani kiungo hicho kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa uliotengenezwa na wao wenyewe. Fungua tovuti ya msimamizi kwa kuandika anwani yake, tafuta jina kamili la chuo, kisha linganisha mambo haya herufi kwa herufi:

- jina, mji na anwani ya tovuti (vyuo feki hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo maarufu)
- hali ya ithibati kwa sasa: kamili, ya muda, au iko chini ya onyo
- tarehe ya kuisha au ya ukaguzi ujao
- ngazi inayohusika, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati ya stashahada pekee
- njia ya ufundishaji, kwa sababu baadhi ya nchi huidhinisha masomo ya mtandaoni kando na yale ya darasani

Maneno "tumeomba ithibati" na "ithibati inashughulikiwa" yana maana moja: hakuna ithibati.

Mitego inayofanana na ithibati

Usajili wa kampuni si ithibati. Cheti cha ISO 9001 kinahusu uendeshaji wa taasisi, hakisemi lolote kuhusu ubora wa shahada. Uanachama wa jumuiya ya vyuo nao hautoshi, na UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote, kwa hiyo chuo kinachodai "ithibati ya UNESCO" kimekwisha kujieleza.

Mtego mjanja zaidi ni apostili, ule muhuri wa Mkataba wa The Hague wa 1961. Wauza vyeti hupenda kuutaja kwa sababu unaonekana wa kiserikali, na kweli ni wa kiserikali. Lakini unathibitisha sahihi na cheo cha mtu aliyetia saini hati, basi. Nakala ya cheti feki iliyotiwa saini na mthibitishaji halali inaweza kupata apostili bila tatizo lolote.

Anwani ya tovuti nayo hudanganya. Domeni ya .edu leo hutolewa kwa taasisi za Marekani zenye ithibati, lakini waliokuwa nayo kabla ya mwishoni mwa Oktoba 2001 waliachiwa hata bila sifa hiyo. Na .ac peke yake, bila herufi za nchi nyuma yake, ni domeni ya kisiwa cha Ascension na mtu yeyote anaweza kuinunua. Haina uhusiano na .ac.uk wala .ac.tz.

Mwaka 2015 kampuni ya Axact ya Pakistan ilifichuliwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, na mtandao huo ulikuwa hata na vyombo bandia vya ithibati vya kuvithibitisha vyuo hivyo. Ndiyo sababu tunasisitiza ngazi ya pili ya ukaguzi. Jina la mtoa ithibati lisipokuwa kwenye orodha ya serikali, nembo yake ni pambo tu.

Dalili nyingine hazihitaji utafiti: shahada kwa "uzoefu wa maisha" pekee, bei moja kwa shahada nzima, kuhitimu kwa wiki chache, punguzo linaloisha usiku wa leo, au mtu wa udahili anayepiga simu mara tatu kwa siku.

Tahadhari pia na vyeti vya kozi fupi. Majukwaa kama Coursera na edX yana shahada halali zinazotolewa na vyuo vikuu, lakini cheti cha kumaliza kozi moja humo si shahada, hata kikiwa na nembo ya chuo kikubwa.

Tatu: pima saa kabla ya kupima fedha

Sehemu hii watu huiruka, na hapa ndipo ada inapoongezeka bila mtu kutambua. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kwa wiki, kwa muhula wa takribani wiki 15. Hiyo ni kama saa 45 kwa krediti, saa 5,400 kwa shahada nzima. Mfumo wa Ulaya wa ECTS una krediti 180 hadi 240, kila moja saa 25 hadi 30. Uingereza ni krediti 360 za saa 10, na krediti mbili zao ni sawa na ECTS moja.

Sasa weka maisha yako kwenye hesabu hiyo. Ukiwa na saa 12 kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka, unapata saa 540. Kwa shahada ya saa 5,400 hiyo ni miaka 10. Ukipata saa 20 kwa wiki, ni miaka sita. Tangazo linalosema "maliza kwa miaka mitatu huku ukifanya kazi" lipimwe kwa namba hizi.

Angalia na urefu wa kozi moja moja. Kozi ya krediti tatu ni saa 135. Ikienea wiki 15 utahitaji saa tisa kwa wiki, lakini ikibanwa kwenye wiki nane zinakuwa karibu 17. Mfanyakazi anayechukua kozi mbili za wiki nane kwa pamoja amejipa kazi ya pili ya saa 34. Atafeli moja, atalipa upya, na unafuu wote utakuwa umeyeyuka.

Uliza pia ukomo wa muda wa kumaliza shahada, na kama kuahirisha muhula kunatozwa.

Nne: hesabu gharama hadi siku ya cheti

Ada ya krediti moja au ya muhula haitoshi kulinganisha vyuo. Chukua mfano wa namba tupu, zisizo fedha ya nchi yoyote. Chuo cha kwanza kinatoza 90 kwa krediti. Cha pili 130. Ukisoma tangazo utachukua cha kwanza.

Endelea kusoma. Cha kwanza kina ada ya teknolojia ya 20 kwa krediti, usimamizi wa mtihani 25 kwa kila kozi (kozi 40), mahafali 300, na hakipokei krediti zako za stashahada. Jumla kwa krediti 120: 13,200 + 1,000 + 300 = 14,500. Cha pili kimejumuisha kila kitu isipokuwa mahafali 300, na kinapokea krediti 40 ulizo nazo. Unalipia 80 tu: 10,400 + 300 = 10,700.

Kwa hiyo omba chuo orodha ya ada zote kwa maandishi, kisha ongeza yale ambayo chuo hakikuambii: vitabu, mtihani wa lugha kama unahitajika, tathmini ya vyeti vyako vya awali, makato ya benki kutuma fedha nje, kifurushi cha intaneti (saa moja ya video ya ubora wa kati hula kama nusu gigabaiti hadi gigabaiti nzima), transkripti (orodha rasmi ya kozi na alama zako), na gharama ya kusafirisha cheti. Weka na asilimia 10 ya kurudia kozi. Kama ada ni kwa fedha ya kigeni, kumbuka kwamba fedha yako ikishuka thamani kwa asilimia 10, ada inapanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 11.

Neno "bure" lisomwe kwa makini. University of the People, kwa mfano, haitozi ada ya ufundishaji lakini hutoza ada ya maombi na ya tathmini ya kila kozi. Bado ni nafuu, ila si sifuri. Vipo pia vyuo vinavyotoza kiasi kimoja kwa kipindi cha miezi sita, umalize kozi nyingi uwezavyo, kama Western Governors University ya Marekani. Mpango huo humfaa mtu mwenye uzoefu na muda wa kutosha. Mwenye saa nane kwa wiki atalipia vipindi vingi kuliko alivyotarajia.

Pa kutafuta kwanza

Maoni yetu ni wazi hapa: anza na vyuo vikuu huria na vya masafa vya umma. Vimeundwa kwa watu wanaofanya kazi, vingi vina ruzuku, na kutambulika kwake ndani ya nchi husika hakuna utata. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946. Open University ya Uingereza ilipata hati yake 1969, FernUniversität ya Hagen, Ujerumani, ilianza miaka ya 1970 (shahada zake nyingi ni kwa Kijerumani), IGNOU ya India 1985, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania 1992. Ada kwa mwanafunzi wa nje inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya raia, kwa hiyo angalia ukurasa unaokuhusu.

Njia za kupunguza gharama ni chache lakini zina nguvu. Kubwa ni uhamisho wa krediti. Vyuo vingi vya Marekani hupokea hadi krediti 90 kati ya 120, mradi zilizobaki usome kwao. Omba tathmini ya maandishi kabla ya kulipa, na soma inavyosema: "krediti 40 zimepokelewa" kunaweza kumaanisha zote zimewekwa kwenye kozi za hiari, na kozi za lazima zimebaki vilevile. Uliza ni kozi zipi hasa zimefutwa kwenye orodha yako. Mitihani kama CLEP ya College Board ya Marekani nayo hutoa krediti kwa gharama ndogo kuliko kozi, kwa vyuo vinavyoikubali.

Maswali ya kumuuliza afisa udahili

Usiulize kama programu ni nzuri. Uliza: kwenye cheti na transkripti kutaandikwa nini, na je, njia ya masomo itatajwa? Naomba sampuli. Mhadhiri anajibu ndani ya siku ngapi? Vipindi vya moja kwa moja ni saa ngapi, kwa saa za nchi ipi? Mtihani unasimamiwa kwa kamera au kituoni? Programu za kufunga kompyuta wakati wa mtihani mara nyingi hazifanyi kazi kwenye simu, na mtu anayetegemea simu hugundua hilo wiki ya mtihani. Wangapi kati ya wanaoanza programu hii mtandaoni huimaliza? Afisa anayejua kazi yake atakuwa na jibu au atakutafutia. Anayebadili mada na kurudi kwenye punguzo amekujibu pia.

Uliza la mwisho ambalo halipendezi: chuo kikifungwa, nani atatunza rekodi zangu? ITT Tech ya Marekani ilifunga matawi yake yote Septemba 2016 na kuwaacha wanafunzi katikati ya masomo. Mtoa ithibati wake, ACICS, alipoteza kabisa utambuzi wa serikali mwaka 2022, na vyuo vilivyokuwa chini yake vikapewa miezi 18 kutafuta mwingine. Ithibati iliyopo leo ikaguliwe tena kila mwaka unapojisajili.

Kulipa na wiki za kwanza

Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si ya mtu binafsi wala "wakala". Lipia muhula mmoja, hata kama kuna punguzo la kulipia shahada nzima. Kabla ya kulipa, chapisha ukurasa wa urejeshaji wa ada wenye tarehe: vyuo vingi hurudisha ada yote ndani ya siku chache za mwanzo, kisha kiasi hupungua kila wiki hadi sifuri. Weka tarehe hizo kwenye kalenda ya simu.

Anza na kozi moja, mbili kwa wingi. Pakua silabasi ya kila kozi wiki ya kwanza, pamoja na orodha ya ada na barua ya udahili, na uzitunze nje ya barua pepe ya chuo, ambayo hufungwa ukiondoka. Chuo kingine kikitathmini krediti zako, au msimamizi akitaka kujua ulisoma nini, ataomba silabasi hizo, na za miaka ya nyuma ni taabu kuzipata. Ukiona mambo hayaendi, jitoe rasmi kwa fomu kabla ya tarehe ya mwisho. Kuacha tu kuingia kwenye mfumo huhesabiwa kufeli, na ada hudaiwa.